Chianti Classico Riserva imefika Mtwara na joto hili: ifunguliweje, na iende na chakula gani?

Shangani_Juu aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Kuna chupa mbili za waini nyekundu, Chianti Classico Riserva ya wazalishaji Ricasoli, mavuno ya 2019, mililita 750 kila moja, zawadi kutoka Italia. Zilipanda ndege ndani ya begi la nguo hadi Dar, kisha basi hadi Mtwara mjini. Sasa zimelazwa kabatini, na chumba mchana kinafika nyuzi 30 na ushee.

Moja inafunguliwa Jumamosi usiku, watu sita. Ipozwe au iachwe hivyo hivyo? Maana wengi wanashikilia kwamba waini nyekundu hainyweki baridi. Ikishafunguliwa inasubiriwa muda gani? Mezani kumepangwa nguru wa kupaka na mbuzi wa kuchoma, ipi iende nayo? Ya pili inatakiwa itunzwe hadi kijana amalize chuo 2030. Inawezekana bila chumba cha baridi?

Na wageni wengine wamezoea dompo ya Dodoma, kwa hiyo semeni pia wategemee ladha gani.

---

Kizibuo_Lindi:

Mkuu, ushauri wa "nyekundu inywewe kwa joto la chumba" ulitoka kwa watu ambao chumba chao ni nyuzi 17 au 18. Chumba cha Mtwara kina 30. Ukiimimina hivyo hivyo, pombe inapanda puani kabla ya kitu kingine chochote, tunda linanuka kama jamu iliyochemka, na utamaliza glasi hujaonja kilichomo.

Lengo lako ni nyuzi 16 hadi 18 mdomoni. Kwa hali yetu mimina ikiwa na 15, kwa sababu glasi yenye mililita 120 ikikaa juu ya meza ya barazani inapanda nyuzi nne hivi ndani ya robo saa. Usiishushe chini ya 12 pia. Hapo harufu inafunga na ukakasi unakuwa mkali, na mtu ataapa kwamba waini ni mbovu kumbe ni baridi tu.

Njia ya kwanza ni friji ya kawaida yenye nyuzi 4 au 5. Chupa iliyotoka kwenye 30 inahitaji kama saa moja na robo kufika 17, na saa moja na nusu kufika 15. Ukiisahau tangu asubuhi, itoe ikae mezani nusu saa kwanza.

Njia ya pili ni ya haraka na ya uhakika zaidi umeme ukikatika: ndoo au deli, nusu barafu, nusu maji, chupa izame hadi mabegani. Dakika 12 hadi 15 zinatosha. Maji ni lazima. Mapande ya barafu bila maji yanagusa chupa sehemu chache tu, nafasi nyingine ni hewa, na hewa haipozi upesi. Pakiti tano sita za barafu za mtaani, zile za nusu lita, zinatosha ndoo ya lita kumi. Zivunje kwanza.

Friza iacheni. Mvinyo wa asilimia 13 au 14 unaganda kwenye nyuzi 6 hivi chini ya sifuri, na friza nyingi zipo 18 chini ya sifuri. Unapoganda unatanuka, kizibo kinasukumwa nje au chupa inapasuka. Barafu ndani ya glasi nayo hapana: inaongeza maji kwenye kitu ambacho watu walikaa nacho zaidi ya miaka miwili kukiweka sawa.

Kufungua. Kata karatasi ya shingo chini ya ule mdomo uliotokeza, si juu yake, ili mvinyo usipite kwenye karatasi wakati wa kumimina. Futa mdomo kwa kitambaa safi chenye unyevu. Ncha ya kizibuo iingie katikati ya kizibo, zungusha hadi ubaki mzunguko mmoja nje, kisha vuta wima, polepole. Ukizungusha hadi mwisho unatoboa upande wa chini na vipande vinaangukia ndani. Ule mtindo wa kugonga kitako cha chupa ukutani kwa kiatu unatikisa mashapo yote, na chupa ikikatika mkono ndio unaolipa. Huna kizibuo, azima hotelini.

Kusubiri: Riserva ya 2019 bado ina nguvu. Mimina yote kwenye jagi pana ya kioo, iache dakika 45 hadi saa moja, jagi lenyewe likiwa ndani ya beseni la maji baridi. Kufungua kizibo tu na kuiacha chupa imesimama hakufanyi kazi ya maana, kwa sababu mvinyo unaogusa hewa pale shingoni ni duara la upana wa sarafu. Kama muda hamna, mimina glasi na uzungushe.

Glasi zioshwe kwa sabuni kidogo na zisuuzwe mara mbili kwa maji matupu, zikaushwe zikiwa zimesimama. Ukizifunika juu ya kitambaa cha kabati zinashika harufu ya kabati. Jaza theluthi tu. Chupa moja inatoa glasi sita za mililita 125, kwa hiyo watu sita ni glasi moja moja. Mkitaka za pili, hesabuni na ile ya 2030.

---

Mwambao_Mikindani:

Nakazia hapo kwenye joto, kisha niongeze wageni wategemee nini, maana anayetoka kwenye dompo atakunja uso.

Dompo ni tamu. Hii ni kavu, sukari karibu yote imeliwa na hamira. Halafu ina uchachu mwingi kiasi cha kuchuruza mate pembeni ya ulimi, na ukakasi ule ule wa bibo bichi linavyokaza ulimi na fizi. Ukakasi huo ni tanini, inatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na kiasi kingine kidogo kwenye mbao za pipa. Waambieni wasihukumu kwa funda la kwanza. Wale tonge la nyama, ndipo wanywe.

Rangi nayo itawadanganya. Zabibu kuu hapa ni Sangiovese, na Sangiovese haitoi weusi. Ni nyekundu inayopitisha mwanga, na ukiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe utaona ukingo unaelekea rangi ya tofali. Atatokea mtu aseme imechanganywa maji. Sivyo, hiyo ndiyo rangi yake, na ukingo huo wa tofali unazidi jinsi chupa inavyozeeka.

Puani tafuta zambarau mbivu, forosadi, majani makavu ya chai, karafuu kidogo, tumbaku. Sio kwamba vimetiwa humo.

Kuhusu nyumba yenyewe. Ricasoli wapo kwenye kasri la Brolio, wilaya ya Gaiole in Chianti, tangu 1141. Aliyeipa Chianti sura yake ni Bettino Ricasoli, yule aliyekuwa waziri mkuu wa Italia mwaka 1861 baada ya mtangulizi wake, Cavour, kufariki. Alifanya majaribio ya miaka mingi shambani kwake, na mwaka 1872 akaandika barua kwa profesa mmoja wa Pisa akieleza kila zabibu inafanya kazi gani: Sangiovese inatoa harufu na nguvu, Canaiolo inalainisha ukali bila kuondoa harufu, na Malvasia, ambayo ni nyeupe, inafanya mvinyo uwe mwepesi wa kunywewa mapema. Akasema pia kwamba kwa mvinyo wa kutunzwa hiyo Malvasia inaweza kuachwa.

Hapo ndipo wengi walipotelezea. Kanuni za serikali za 1967 ziliifanya zabibu nyeupe kuwa ya lazima, asilimia 10 hadi 30, kana kwamba Chianti yote ni ya kunywa mwaka ule ule. Matokeo yake ni mvinyo mwembamba uliochusha jina kwa muda mrefu. Antinori, familia nyingine ya Firenze iliyomo kwenye biashara hii tangu 1385, ilitoa mvinyo wake wa Tignanello wa mwaka 1971 kwa kukaidi kanuni hizo. Kwenye Chianti Classico zabibu nyeupe zilikatazwa kabisa kuanzia mavuno ya 2006, na leo Sangiovese lazima iwe angalau asilimia 80. Kwa maneno mengine sheria ilichukua zaidi ya miaka mia moja na thelathini kurudi kwenye nusu ya pili ya barua ya Bettino.

Brolio yenyewe iliyumba. Jina la biashara liliingia mikononi mwa makampuni ya nje, hadi Francesco Ricasoli aliposhika usukani 1993 na familia ikarudi kuendesha.

---

Shangani_Juu:

Asanteni sana. Dada Mwambao, nimekagua chupa. Shingoni kuna jogoo mweusi na ukanda wa karatasi wenye namba. Nitajuaje si ya kubandikwa? Na kwenye chupa moja kizibo kinaonekana kimeinua karatasi kidogo, kama milimita mbili. Ni ishara mbaya?

---

Mwambao_Mikindani:

Jogoo mweusi ni alama ya chama cha wazalishaji wa Chianti Classico, kilichoanzishwa 1924. Chianti ya kawaida haina jogoo huyo. Ni eneo jingine pana zaidi lililozunguka lile la kale, la Classico, lililo kati ya miji ya Firenze na Siena, na Sangiovese yake inaruhusiwa kushuka hadi asilimia 70. Lile la kale lilianza kuwekewa mipaka kisheria na Cosimo wa Tatu wa Medici, mtawala wa Toscana, mwaka 1716. Kwa hiyo ukikuta chupa imeandikwa Chianti bila neno Classico, si lazima iwe mbaya, ila si hiyo.

Ukanda wenye namba ni wa DOCG, daraja la juu kabisa la mvinyo kwa sheria za Italia, na namba yake haijirudii. Kama chupa zako mbili zina namba moja, kuna jambo. Kwenye lebo ya nyuma tafuta *imbottigliato all'origine*, maana yake imejazwa pale pale zabibu zilikolimwa. Riserva lazima iwe imekaa angalau miezi 24 kabla ya kuuzwa, na pombe isipungue asilimia 12.5. Ya kawaida ni miezi 12, na daraja la juu, Gran Selezione, ni miezi 30.

Wanaonunua madukani hapa nchini waongeze hatua moja: stempu ya kodi ya kielektroniki ya TRA, uisome kwa programu ya Hakiki Stempu. Yako ilikuja na begi, haitakuwa nayo.

Kizibo namwachia Kizibuo.

---

Kizibuo_Lindi:

Milimita mbili ni dalili ya joto. Mvinyo ukipata moto unatanuka, hauna pa kwenda, unasukuma kizibo. Basi la Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na buti la mizigo liko jirani na injini na lami ya mchana. Begi la nguo halikuikinga, lilichelewesha tu.

Kagua mambo matatu kabla hujaamua. Kwanza, zungusha ile karatasi ya shingo kwa vidole. Ikizunguka bure ni nzuri. Ikiwa imenata kuna mvinyo ulivuja na kukauka. Pili, simamisha chupa zote mbili sambamba uangalie usawa wa mvinyo shingoni. Iliyoshuka kuliko mwenzake imevuja, na palipotoka mvinyo hewa iliingia. Tatu, ukifungua, tazama ubavu wa kizibo. Michirizi myekundu iliyopanda hadi juu ni njia ya kuvujia.

Fungua hiyo yenye kizibo kilichoinuka Jumamosi. Usiitunze hata wiki ya ziada.

Ukimimina, nusa kwanza. Ikinuka zabibu kavu zilizochemshwa, ikawa bapa bila ule uchachu wa pembeni, na rangi imekuwa ya kahawia mapema, imepikwa. Haidhuru mtu, ipelekeni kwenye rosti. Ikinuka boksi lililolowa na tunda limezimika, hiyo ni kosa la kizibo, kemikali inayoitwa TCA, joto halihusiki. Haiponi hata ukiiacha jagini usiku kucha, inazidi kujitokeza. Ikinuka siki au rangi ya kucha, hewa na bakteria walishafika. Chembe nyeupe zinazong'aa chini ya kizibo msizihofu. Si kioo, ni fuwele za asidi ya zabibu yenyewe.

Hiyo ya pili hadi 2030? Riserva kama hii, kwenye handaki la nyuzi 12 hadi 15, inaweza kwenda miaka kumi na zaidi tangu kuvunwa. Kwenye kabati la nyuzi 30 haimalizi mwaka ikiwa na heshima yake. Kinachoua zaidi ni kupanda na kushuka, mchana 32, usiku 25, kizibo kinapumua kila siku. Kitambaa kilicholowa au mtungi wa maji havitakusaidia masika: hewa ya pwani imeshashiba unyevu, maji hayakauki upesi, unapata nyuzi mbili tatu tu. Kuanzia Juni upepo wa kusi ukiwa mkavu unasaidia kidogo zaidi, bado si cha kutegemea.

Unachoweza: ifunge kwa gazeti, ilaze droo ya chini ya friji mbali na mlango. Mwaka mmoja itavumilia. Miaka mingi hapana, hewa ya friji ni kavu na kizibo kitasinyaa. Kijana akimaliza 2030, mnunulieni nyingine wakati huo.

---

Mpishi_wa_Kusini:

Wakuu, mmemwacha na nguru wake wa kupaka. Huyo asiende na waini hii.

Sababu ni mbili. Nguru ana mafuta, na mvinyo mwekundu una madini ya chuma. Chuma hicho kikikutana na mafuta ya samaki kinayageuza pale pale mdomoni, unabaki na shombo linaloganda kooni. Mtu anadhani samaki kachacha. Sababu ya pili ni tui na pilipili. Tui lina utamu wake, na mbele ya chakula chenye utamu mvinyo mkavu unaonekana mchungu na mwembamba. Pilipili nayo, pombe inaipandisha na tanini inaikwaruza. Dagaa wa kukaanga, vibua, vyote kundi hilo.

Mbuzi ndiye mwenyewe. Protini na mafuta ya nyama yanaishika tanini kabla haijakaza ulimi, na chumvi inalainisha ukali. Kwa kilo moja ya mbuzi tia chumvi vijiko vidogo viwili, kitunguu saumu punje nne, ndimu moja, mafuta kijiko kikubwa, alale saa mbili. Pilipili isiingie humo, iwekwe pembeni kwa anayetaka. Moto wa mkaa uliotulia, dakika 45 hadi saa moja, mafuta yabaki. Mbuzi aliyekaushwa hadi akawa mkavu anairudisha waini kwenye ukakasi.

Wasiokula mbuzi wapikieni rosti ya ng'ombe, nyanya mbivu sita kwa kilo. Uchachu wa nyanya unalingana na uchachu wa Sangiovese, ndiyo maana huko kwao wanaila na michuzi ya nyanya. Msitie tomato ya chupa, ina sukari, na sukari ikiingia waini inageuka siki mdomoni. Pilau ya nyama inakubali. Kachumbari sawa, ndimu haiisumbui, ila bila pilipili. Ugali au ming'oko ya kuchemsha kwa chumvi havina ugomvi na kitu.

Cha kutafuna kabla ya chakula ni korosho za kukaanga zenye chumvi, zilizomenywa vizuri. Ile ngozi nyembamba ya kahawia ina tanini yake, ukiiacha unaongeza ukakasi juu ya ukakasi. Nguru mleni kwanza na maji ya ndimu, sahani ziondolewe, mbuzi aje na jagi.

---

Feri_Asubuhi:

Mpishi, naomba kupinga kidogo. Si kila cha baharini. Pweza hana mafuta mengi. Akichemshwa hadi akalainika, kisha akapikwa na nyanya, kitunguu saumu na kotmiri bila tui, anaenda vizuri na Chianti iliyopozwa hadi 14. Jodari naye, pande nene la sentimita tatu, lichomwe juu juu na katikati libaki jekundu, anajibu kama nyama.

---

Mpishi_wa_Kusini:

Pweza wa nyanya nakubali. Jodari awe wa asubuhi ile ile na amelala kwenye barafu tangu apakuliwe. Wa jana jioni, shombo litamsaliti, na kumla mbichi katikati ni kutafuta ugonjwa.

---

Shangani_Juu:

Nimewaelewa. Nguru anasogezwa mwanzo. Swali la mwisho: kama wengine hawatakunywa, kinachobaki kinakaa siku ngapi?

---

Kizibuo_Lindi:

Usisubiri kibaki. Kama unajua wengi hawatakunywa, fungua tu na kabla ya jagi jaza chupa safi ya maji ya nusu lita hadi ifurike mdomoni, funga kwa kuikaza, tia friji. Ndani hamna hewa, na chupa kubwa imebaki na mililita 250, glasi mbili. Hiyo ya nusu lita iliyojazwa hivyo inafika siku nne au tano. Iliyobaki nusu kwenye chupa yake na kurudishiwa kizibo, ndani ya friji, hesabu siku mbili, ya tatu inaanza kunyong'onyea. Nje ya friji kwa joto la Mtwara, kesho yake mchana imeshaharibika.

Ukiitoa, iache dakika 40 nje kabla ya kumimina. Na chupa ya plastiki iwe ya maji matupu. Ya juisi au soda inabaki na harufu hata uisuuze vipi.